Daktari asije na sindano moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tulizungumzie jambo ambalo wenye mbwa hutuuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi wakiwa wameshachelewa. Mbwa wa nyumbani akifikia hali ya kutopona, anaumia na tiba imegonga mwamba, amalizwe vipi bila mateso, pale pale nyumbani alikozoea? Sisi ni madaktari wa mifugo tunaotibu mbwa na paka Dar es Salaam. Tunaandika kwa sababu njia zinazotumika, uswahilini na hata kwenye nyumba zenye geti la umeme, ni zile zile tatu: nyama iliyotiwa sumu, kijana anayelipwa akamtupe mbali, au mtu anayefika na sindano moja mfukoni, akachoma, akapokea chake akaondoka.

Njia mbili za kwanza hazina mjadala. Dawa ya panya ya aina inayozuia damu kuganda humuua mbwa kwa siku kadhaa, damu ikivuja ndani kwa ndani. Viuadudu vya shambani humuua kwa degedege na mate akiwa na fahamu zake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe na punda tu. Njia ya tatu ndiyo tunayotaka kuishughulikia, maana imevaa koti jeupe na watu huilipia. Tatizo lake si daktari kuja nyumbani. Kuja nyumbani ni vizuri: mbwa mgonjwa hapakizwi kwenye gari akilia, wala hasubiri kliniki katikati ya harufu za wanyama wageni. Tatizo ni ile sindano moja, isiyotanguliwa na dawa ya usingizi.

Lakini kabla ya sindano yoyote liulizwe swali la kwanza: kweli huyu haponi? Mbwa wengi tunaoitiwa wana magonjwa yanayotibika. Kuna uvimbe unaotoa damu kwenye sehemu za siri, wenye uso kama koliflawa, unaoambukizwa mbwa wakipandana. Watu huuogopa kwa harufu yake na kuuita saratani. Ni saratani kweli, ila ni miongoni mwa zile chache zinazoisha kwa dawa moja, vinkristini, inayochomwa mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi nane. Upele uliomnyoa mbwa mwili mzima unatibika. Homa ya kupe inayomfanya atokwe damu puani na kukataa chakula huitikia doksisaiklini ya siku 28 ikiwahiwa. Kidonda chenye funza kinatisha macho kuliko kinavyotishia uhai. Uzee peke yake si ugonjwa, na kuhama nyumba si ugonjwa kabisa.

Hali zisizorudi nyuma zinajulikana: saratani ya mfupa wa mguu, figo zilizokwisha, moyo ulioshindwa hadi mapafu yanajaa maji, degedege lisilokatika la distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, uti wa mgongo uliovunjwa na gari, au mbwa mzee ambaye nyonga zimekufa na hawezi kujiinua kutoka kwenye mkojo wake mwenyewe. Hapo kinachobaki ni kuchagua siku. Watu wengi huchagua kwa kuchelewa, wakisema bado anatikisa mkia. Mbwa hutikisa mkia hata akiwa kwenye maumivu makali, maana bwana wake amerudi. Ishara za kuangaliwa ni nyingine: kuhema usiku wakati hakuna joto, kubadilisha mkao kila dakika, kulamba sehemu moja hadi manyoya yaishe, kusimama mbele ya bakuli bila kula, kujificha nyuma ya tangi. Kwa mgonjwa wa moyo, hesabuni pumzi zake akiwa usingizini kwa dakika nzima. Zikizidi 30, na zikarudia hivyo siku inayofuata, daktari aitwe.

Daktari Alice Villalobos wa Marekani aliweka kipimo cha mambo saba ambacho kinamfaa mtu yeyote mwenye kalamu: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo lipewe alama 0 hadi 10, kumi ikiwa hali njema. Jumla ikiwa juu ya 35 mbwa anaweza kuendelea kuuguzwa. Ikikaa chini ya hapo siku baada ya siku, anauguzwa kwa faida ya wenye nyumba. Tunashauri alama ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani kila jioni, na aziandike yule anayemlisha, si anayemmiliki. Baba mwenye nyumba humwona mbwa dakika kumi jioni, getini, katika hali yake bora. Mlinzi na dada wa kazi ndio wanaojua kama jana usiku alilia.

Katika siku hizo za kusubiri, msimpe dawa za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ziko kila duka la dawa, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na tumeitwa kumaliza mbwa ambao kilichowafikisha hapo ni vidonge vya mgongo vya mwenye nyumba. Daktari atatoa dawa ya maumivu inayomfaa mbwa, kwa mfano meloksikamu, ambayo baada ya siku ya kwanza ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Mwenye figo mbovu hapewi hiyo; ana dawa nyingine.

Mkishaamua, mpigieni daktari mapema, si usiku wa manane, isipokuwa tumbo limejaa hewa na kujisokota au amegongwa na gari. Muulizeni kwenye simu, bila aibu: umesajiliwa na Baraza la Veterinari? Utamchoma dawa ya usingizi kwanza? Utaweka kanula, ule mrija mdogo unaobaki mshipani? Dawa ya mwisho ni ipi? Bei hiyo inajumuisha usafiri, dawa zote mbili na kuzika, au ni sindano tu? Daktari anayejua kazi yake atajibu yote kwa dakika mbili. Anayesema "usijali, mimi nitamaliza haraka" aachwe, kwa kuwa haraka ndiyo inayoharibu kazi hii.

Shimo lichimbwe kabla daktari hajafika. Tunalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalosahaulika, kisha familia inabaki na mwili saa nane mchana, jua la Februari, ikitafuta mtu mwenye sururu. Malipo na fomu ya ridhaa navyo vimalizwe kabla. Hakuna mtu anayetaka kuhesabu noti pale.

Mahali pawe anapolala siku zote, hata kama ni chini ya ngazi. Tandikeni nailoni chini, juu yake blanketi au kanga kuukuu, kwa sababu kibofu kitafunguka. Pawe na mwanga wa kutosha kuuona mshipa. Tochi ya simu haitoshi. Mbwa wengine wa nyumba wafungiwe kwa muda, redio izimwe. Chakula cha kuaga kisiwe sinia. Mpeni vipande vichache vya nyama wakati sindano ya kwanza inachomwa, hataisikia sana. Akijazwa ugali na mchuzi saa moja kabla, dawa ya usingizi ikimtapisha atatapika vyote akiwa ameshalegea, na chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Mbwa apimwe uzito pia. Mizani ya bafuni inatosha: mtu ajipime, kisha ajipime akiwa amembeba mbwa, atoe. Kukadiria kwa macho huharibu dozi, hasa kwa mbwa aliyekonda chini ya manyoya mengi.

Sindano ya kwanza huchomwa kwenye nyama ya paja au ya mgongo, si kwenye mshipa. Kazi yake ni kumfikisha mbwa mahali ambapo hajui tena kwamba anashikwa, ananyolewa, anatobolewa. Dawa zinazotumika sana ni zailazini na ketamini zikiwa pamoja. Wengine hutanguliza asepromazini. Kila moja ina tabia yake na mwenye mbwa azijue ili asishtuke. Zailazini huwatapisha mbwa wengi ndani ya dakika chache. Ketamini humwacha mbwa macho wazi, anatazama bila kuona, na ikitumika peke yake hukakamaza misuli, ndiyo sababu haitumiki peke yake. Asepromazini hutuliza lakini haiondoi maumivu hata kidogo. Kwa mbwa mwenye mfupa uliovunjika haitoshi.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea, na chanzo chake ni zizi. Ng'ombe hulewa zailazini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya dozi anayohitaji mbwa kwa kila kilo. Mtu aliyezoea ng'ombe akivuta kwa kipimo cha ng'ombe, mbwa anayumba tu, analala upande, kila mtu anadhani tayari. Akiguswa mguu anazinduka na kuuma. Kisha huongezwa dozi ya pili kwa hofu, na ya tatu, mbwa akiwa ameshachachamaa, na dawa haifanyi kazi vizuri ndani ya mwili wenye woga. Ile dakika kumi ya utulivu haipatikani tena.

Hata dozi ikiwa sahihi, zailazini ina hila moja: mbwa anayeonekana amezama anaweza kuamshwa ghafla na kelele au mguso wa ghafla, na akang'ata bila kujua anamng'ata nani. Basi baada ya sindano subirini dakika 10 hadi 15 kwa saa, si kwa kukisia. Ongeeni naye kwa sauti ya chini, mkono kwenye shingo au begani. Watoto wasiweke uso karibu na mdomo wake, hata kama hajawahi kumuuma mtu maisha yake yote. Kabla ya kuendelea daktari atambana ngozi katikati ya vidole vya mguu. Akivuta mguu, bado. Asivute, na kope ikiguswa isitikisike, kazi inaweza kuendelea. Kama familia inataka kuaga na kutoka, wakati wake ni huu, na hakuna ubaya. Anayebaki na abaki.

Kinachofuata ni mshipa, na hatukubali njia ya mkato. Daktari hunyoa sehemu ndogo mbele ya mguu wa mbele, au upande wa nje wa mguu wa nyuma juu ya kifundo, hupaka spiriti, hufunga mpira, kisha huingiza kanula. Kwa mbwa mkubwa ni ile ya rangi ya waridi, kwa mdogo ya bluu. Hubandikwa plasta na kujaribiwa kwa mililita chache za maji ya chumvi. Yakipita bila ngozi kuvimba, kanula iko ndani. Kwa nini isiwe sindano ya moja kwa moja? Kwa sababu dawa ya mwisho ni kali kama magadi. Sindano ikichomoka nusu ya kazi, dawa inamwagikia kwenye nyama inayozunguka mshipa. Inaunguza, haifiki kwenye ubongo kwa kiasi cha kutosha, na mbwa anabaki katikati. Kwa mbwa mzee aliyekaukiwa maji, na hasa baada ya zailazini kushusha mzunguko wa damu miguuni, mshipa hunywea hadi hauonekani. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kwa dakika tatu husaidia, mguu wa nyuma husaidia, na wakati mwingine ni kuanza na dripu ndogo. Daktari anayetoboa mara nne mguu ule ule amechoka. Aseme apumzike ajaribu mguu mwingine. Mrija mrefu ukiungwa kwenye kanula, daktari anaweza kukaa pembeni na mwenye mbwa akabaki kichwani.

Dawa ya mwisho inayoaminika kuliko zote ni pentobarbitali, dawa ya nusu kaputi inayotolewa kwa kiasi kikubwa sana. Imo katika Jedwali la III la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kila mililita inapaswa kuandikwa kwenye daftari la daktari. Chupa haiachwi nyumbani hata kwa nusu saa, iwe imebaki kidogo au nyingi. Vipimo vyake hatuviandiki gazetini, Mhariri, na tunaamini utatuelewa. Mwenye mbwa anahitaji kujua itakavyoonekana. Ndani ya takriban nusu dakika mbwa hupumua kwa kina mara moja au mbili, kisha pumzi husimama. Moyo hufuata ndani ya dakika chache.

Baada ya hapo mwili unaweza kufanya mambo ambayo yamewafanya watu waamini kwamba mbwa wao aliteseka, kumbe hakuna aliyewaambia. Macho hayafumbi, ni misuli inayofumba jicho, na misuli imelegea. Mkojo na hata kinyesi hutoka. Misuli ya mbavu au ya mguu hurukaruka. Dakika kadhaa baadaye mdomo unaweza kufunguka na kifua kuvuta hewa kwa nguvu, kama kwikwi. Hiyo haitoki kwenye fahamu. Ubongo unaohisi umeshazima na ni neva za chini zinazomaliza chaji yake. Daktari ayaseme haya kabla ya kuchoma, si baada. Kisha asikilize moyo kwa stetoskopu dakika tano kamili, aguse kioo cha jicho kwa ncha ya pamba, na ndipo atamke. Kusikiliza kwa sekunde kumi na kufunga mkoba ni uzembe: moyo wa mbwa mkubwa, mwenye mzunguko dhaifu wa damu, unaweza kupiga polepole sana kwa muda kabla ya kusimama.

Ikiwa mshipa umekataa kabisa, dawa inaweza kuwekwa tumboni au moyoni. Tumboni huchukua muda, dakika 15 na kuendelea, kwa hiyo familia iambiwe. Moyoni ni halali kwa mbwa aliyezama kwenye nusu kaputi tu. Kumchoma moyoni mbwa anayejitambua ni ukatili, hata mchomaji awe na vyeti ukuta mzima.

Si kila kliniki inayo pentobarbitali, na hapo ndipo mbinu za ajabu huzaliwa. Kloridi ya potasiamu husimamisha moyo na ni rahisi kupatikana, lakini ikiingia kwa mbwa mwenye fahamu inaunguza mshipa na moyo unasimama akijua. Inakubalika tu baada ya nusu kaputi kamili, ile ya kufanyiwa upasuaji, si ya kuyumba. Salfeti ya magnesiamu, vivyo hivyo. Dawa za kulegeza misuli humkosesha pumzi akiwa macho na asiweze hata kulia, ndiyo maana mtazamaji huona "alikufa kwa amani". Vidonge vya valiamu vilivyofichwa kwenye nyama humlewesha au kumchachamaza, kisha anaamka. Daktari asiye na dawa sahihi aseme hana, ampigie mwenzake.

Sasa jambo linalobadilisha kila kitu tulichosema: kichaa cha mbwa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza, si mbwa wa kuagwa na familia. Watu wengi huingiza mkono mdomoni wakidhani mfupa umemkwama. Msiingize. Mfungieni kwa mbali, mwiteni afisa mifugo wa kata, na aliyeguswa na mate kwenye kidonda au aliyeumwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Pia, kama mbwa amemuuma mtu yeyote ndani ya siku 10 zilizopita, mwambieni daktari kabla hajatoka kwake, hata kama kinachomuua ni saratani. Mbwa huyo huwekwa chini ya uangalizi siku 10 ikiwezekana. Akibaki mzima hadi mwisho wa siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma. Akifa au ikilazimu kummaliza mapema, kichwa kinahitajika maabara kikiwa kwenye barafu. Kwa hiyo asipigwe kichwani na asizikwe kwanza. Familia inayoficha hili ili imzike mbwa kwa heshima inamnyima aliyeumwa jibu analolihitaji.

Kwa mbwa asiye na shaka hiyo, mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache. Mkunjeni mapema, miguu karibu na tumbo, la sivyo shimo mlilochimba halitamtosha. Mwili uvishwe kitambaa cha pamba au gunia la katani. Nailoni huuzuia kuoza kwa miaka. Joto la pwani halitoi nafasi ya kungoja ndugu watoke kazini: azikwe siku hiyo hiyo. Kwa mbwa wa kilo 30 shimo liwe na urefu wa mita 1.2 na kina cha mita 1.5, ili juu ya mwili pabaki angalau mita moja ya udongo, na liwe si chini ya mita 30 kutoka kisimani. Kwenye mabonde ambako ukichimba nusu mita maji yanatokea, zikeni kwingine. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba.

Kina hicho si cha heshima tu. Pentobarbitali haiozi pamoja na nyama. Hubaki ndani ya mwili na udongoni kwa muda mrefu sana, na chokaa haiivunji. Mzoga uliotupwa dampo au kufukiwa juu juu kwenye mchanga utafukuliwa na mbwa wa mtaani, kunguru watajihudumia, na kwa wasomaji wetu wa Arusha, Dodoma na Manyara, fisi na tumbusi. Watakaoula wanaweza kulala wasiamke. Tumbusi wa Afrika wamepungua sana kwa sumu, hawahitaji na hii. Wekeni mawe mazito juu ya kaburi. Kanula, sirinji na sindano huondoka na daktari ndani ya boksi la usalama. Visifukiwe shimoni pamoja na mbwa.

Anayembeba aulizwe kama yuko radhi. Katika mji wetu mlinzi au kijana wa bustani anaweza kuwa na sababu za dini za kutogusa mbwa, na kwa ajili ya ajira hatasema hapana. Glovu ziwepo, na mwenye mbwa ashike upande mmoja. Watoto waambiwe amekufa. Mkiwaambia ametoroka watamtafuta mtaani wiki nzima, na majirani watawaambia ukweli kwa namna wanayotaka wao. Mbwa wenzake waachwe wamnuse kabla ya kufukiwa; wengine watapita tu, wengine watasusa chakula siku mbili tatu, na hilo si ugonjwa.

Tuna ombi kwa halmashauri za jiji: eneo moja lililozungushiwa uzio la kuzika wanyama wa nyumbani, lenye mtu na koleo, lingemaliza nusu ya mizoga inayotupwa mitaroni usiku. Wakazi wengi wa nyumba za ghorofa hawana hata futi moja ya udongo.

Na kwa madaktari wenzetu. Wateja huomba punguzo, na kinachokatwa mara nyingi ni sindano ya kwanza, kwa kuwa mteja haoni kazi yake. Bei itamkwe moja, yenye dawa zote mbili ndani, na isigawanyike. Anayeshindwa kuimudu apunguziwe gharama ya usafiri, au alipe mwisho wa mwezi, au apelekwe kwa mwenzetu aliye karibu naye. Dawa ya usingizi isiwe kitu cha kupatania bei.

Ni sisi,
Madaktari wa mifugo,
Dar es Salaam